Namna ya Kugombana

Ugomvi wenyewe haumalizi dakika. Lava wa kereng'ende ameng'ang'ania unyasi uliozama, katulia tuli, anangoja kiluwiluwi cha mbu kipite karibu. Lava mwingine, wa rika lake, anaupanda unyasi uleule kutokea chini. Mwenyeji hakimbii wala hashambulii. Analipinda tumbo lake jembamba, analiinua, analipunga upande huu na upande huu. Mgeni anasita. Mwenyeji anajizungusha, sasa wanatazamana uso kwa uso, na kufumba na kufumbua mdomo wake wa chini umefyatuka mbele na kurudi mahali pake bila kugusa kitu. Mgeni anauachia unyasi na kuogelea zake.

Aliyezoea kumwona kereng'ende juu ya maji tu, mbawa zikimeta juani, ni vigumu kuamini kwamba huyu wa chini mwenye rangi ya tope ndiye yeye. Lakini ndiye, na sehemu kubwa ya umri wake huimalizia humo. Spishi nyingi hukaa majini miezi, nyingine miaka, kisha hupanda juu, hujivua gamba kwa mara ya mwisho na kuruka kwa majuma machache tu kabla ya kufa. Kwa hiyo tukisema tunamjua kereng'ende kwa kumtazama akiruka, tumemjua uzeeni.

Duniani kuna zaidi ya spishi 6,000 za kereng'ende, na wataalamu huwagawa makundi mawili makubwa. Wako wanene, wenye kichwa kilichojaa macho, ambao wakitua huziacha mbawa zimetandazwa. Na wako wembamba, karibu nusu ya spishi zote, ambao wengi wao wakitua huzikunja mbawa mgongoni. Sura hii ni ya hao wembamba, tena ya watoto wao. Lava wa kereng'ende mnene huvuta maji kwa nyuma na kupumulia ndani ya utumbo wake wa mwisho. Akitishwa huyafyatua maji hayo kwa nguvu na kusukumwa mbele. Lava wa kereng'ende mwembamba hana mtambo huo. Yeye ana matamvua matatu yaliyochomoza mwisho wa tumbo, kwa wengi yakiwa mapana na bapa mithili ya majani. Humsaidia kupumua, humsukuma anapoogelea kwa kujipinda, na adui akiyashika hukatika na kumwacha mwenyewe aende. Yaliyokatika huota tena polepole kila anapojivua gamba, yakiwa mafupi kuliko ya mwanzo. Ukichota lava kwenye bwawa lenye msongamano, utakuta wengi wamepungukiwa tamvua moja au mawili, na mtafiti mzoefu husoma hapo kiasi cha mashambulizi yaliyopita, yawe ya adui wa nje au ya ndugu.

Silaha ya pili ni ule mdomo wa chini. Una bawaba katikati na makoleo mawili mwishoni. Wakati wa amani hukunjwa chini ya kichwa na kifua. Windo likifika umbali wake, mdomo hunyooka na kulinasa kwa muda ulio mfupi mno kuliko sehemu moja ya kumi ya sekunde. Viluwiluwi vya mbu, viroboto-maji na minyoo huishia humo. Na lava mdogo wa kereng'ende pia, awe wa spishi nyingine au wa tumbo moja na mlaji. Hili la mwisho ndilo linaloupa ugomvi wa unyasi ule uzito wake. Kila mmoja kati ya wale wawili ni mshindani wa mwenzake kwa chakula, na tofauti ya ukubwa ikizidi kidogo tu, mmoja anakuwa chakula cha mwenzake.

Mtu aliyelifanya jambo hili litazamwe kwa makini ni Richard Rowe, mtafiti wa kereng'ende wa New Zealand. Mwaka 1980 alichapisha maelezo ya namna lava wa Xanthocnemis zealandica, kereng'ende mwekundu mwembamba anayepatikana kwa wingi katika madimbwi ya nchi ile, wanavyoshika mahali pa kuwindia na kupatetea. Hadi hapo wengi walilichukulia neno "himaya" kuwa la madume makubwa yanayogombania ukingo wa mto ili majike yakija yayakute. Sasa ilionekana kwamba mtoto naye, asiye na jike wala dume la kuwaza, ana mahali pake, na ana ishara za kumwambia mwingine asisogee.

Miaka mitano baadaye, I. F. Harvey na Philip Corbet walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya Pyrrhosoma nymphula wa Ulaya, naye mwekundu: lava aliyepata mahali pazuri hula vizuri, hutoka majini akiwa na mwili mkubwa, na dume lenye mwili mkubwa hufanikiwa zaidi kupata majike. Ugomvi wa utotoni ukawa umefika hadi kwenye ndoa. Corbet huyu si mgeni kwetu. Katikati ya miaka ya 1950 alifanya kazi Jinja, kwenye taasisi ya utafiti wa samaki wa maji baridi ya Afrika Mashariki, na kisha Entebbe alikochunguza mbu. Mengi ya aliyoyaandika baadaye kuhusu maisha ya kereng'ende yalianzia kandokando ya Ziwa Victoria. Tutakutana naye tena kabla sura haijaisha.

Kwa nini basi wapungiane mikia badala ya kuumana moja kwa moja? Jibu la kihesabu lilikuwa limetolewa mwaka 1973 na John Maynard Smith na George Price: mnyama anayepigana kufa na kupona kila mara hulipa gharama kubwa kuliko anayeanza kwa kutisha, akampima mwenzake, kisha akaamua. Lava wanafaa sana kwa kupimia hoja hiyo. Wawili wanaweza kuwekwa kwenye kijiti kimoja ndani ya beseni na kurekodiwa kwa video, mtafiti akichagua nani awe mwenyeji, nani awe mgeni, nani ashibe na nani alale njaa. Majaribio ya namna hii yamefanywa Uingereza, Kanada, Marekani na kwingineko, na mambo mawili hujirudia: ukubwa husaidia, na kutangulia kufika husaidia.

Lakini mimi linalonivuta zaidi si nani alishinda. Ni ile orodha ya vitendo ambayo kila mtafiti hulazimika kuiandika kabla hajaanza kuhesabu. Kugeuka. Kuinua tumbo. Kulipunga polepole. Kulichapa ghafla ili matamvua yampige mwenzake. Kulipinda na kulikaza lisitikisike. Kufyatua mdomo bila kugusa. Kufyatua na kugusa. Kutembea kumfuata. Kuogelea na kuondoka. Orodha za spishi mbalimbali zikilazwa sambamba, baadhi ya vitendo vinapatikana kotekote, vingine kwa wachache, na mpangilio wake, yaani kipi huanza na kipi hufuata, nao hutofautiana. Hapo ndipo swali la ukoo linapojitokeza: je, vitendo hivi vimerithiwa kwa namna ileile mishipa ya mbawa inavyorithiwa, kiasi kwamba tukivilinganisha tutajua nani ni ndugu wa nani?

Swali hili lilikuwa na historia tayari, ila kwa ndege. Mwaka 1941 Konrad Lorenz alichapisha ulinganisho wa vitendo vya bata: namna wanavyonyanyua kichwa, wanavyotikisa mkia, wanavyojifanya kunywa maji mbele ya jike. Kwa kila kitendo alichora mstari uliokatiza spishi zote zilizokuwa nacho, na mistari hiyo kwa pamoja ikachora mti wa nasaba. Dai lake lilikuwa zito: kitendo kinaweza kupangwa kwenye jedwali pamoja na mfupa na unyoya. Miaka 32 baadaye alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niko Tinbergen na Karl von Frisch, na kazi ya aina hiyo ilikuwa sehemu ya sifa zake.

Dai hilo lina mashiko, ila lina masharti. Sababu ya ugomvi haitoi habari yoyote ya nasaba. Watu wawili wakigombea zamu ya maji bombani, huwezi kujua kwao ni wapi kwa kuwa wote wana ndoo tupu. Lakini waache waanze kurushiana maneno, utajua huyu kakulia Mvita na yule ni wa Makunduchi, kwa sababu lafudhi hakuichagua yeye wala haikuamuliwa na uhaba wa maji. Mtafiti wa nasaba hutafuta kitu cha aina hiyo ndani ya beseni: jambo dogo ambalo lingeweza kufanywa kwa namna kumi na zote zikafaa, lakini ukoo mmoja wote unalifanya kwa namna moja.

Kwa hoja hiyo, lava ni shahidi bora kuliko mzazi wake. Madume makubwa hugombana mbele ya majike, na ishara inayotazamwa na jike hubadilika upesi, kwani spishi mbili zinazokaa mto mmoja hunufaika zikitofautiana. Lava hana wa kumpendeza. Ishara yake yaelekezwa kwa yeyote anayepanda unyasi, wa spishi yake au la, na ishara ya namna hiyo hunufaika ikieleweka na wengi. Ndiyo maana tunaweza kutarajia ibaki bila kubadilika kwa muda mrefu, hata pale rangi za wakubwa zilipobadilika mara kadhaa.

Rowe alipoendelea na kazi yake aliwalinganisha lava wa spishi tatu za New Zealand: Xanthocnemis zealandica, Ischnura aurora na Austrolestes colensonis. Uchaguzi huo una akili. Wawili wa kwanza ni wa familia moja, Coenagrionidae, iliyo kubwa kuliko zote za kereng'ende wembamba. Kwetu ndivyo vile vijitu vya buluu au vyekundu vinavyotua kwenye majani ya mpunga. Wa tatu ni wa Lestidae, ukoo ambao uchunguzi wa vinasaba unauweka, pamoja na jamaa zake wachache, kwenye tawi lililojitenga mapema kuliko mengine yote ya kereng'ende wembamba. Mwenye ndugu wawili na mtu baki mmoja anaweza kuuliza swali la nasaba ipasavyo: wanachokifanya wote watatu huenda ni cha zamani sana, wanachokifanya ndugu wawili peke yao huenda kilianza baada ya mbari kugawanyika.

Neno "huenda" lina kazi hapo. Austrolestes ni mwogeleaji hodari mwenye mwili mrefu. Aliye na mbio za kumwondoa kwenye hatari hana haja kubwa ya kung'ang'ania kijiti, na asiyeng'ang'ania kijiti hana haja kubwa ya kukitetea. Tofauti inayoonekana kuwa ya ukoo inaweza kuwa ya mtindo wa maisha. Kuna pia suala la kiungo. Si lava wote wana matamvua mapana. Diphlebia wa Australia, nchi ambako Rowe alihamia na kufundisha katika Chuo Kikuu cha James Cook, wana matamvua yaliyovimba yakawa vifuko. Euphaeidae wa Asia wana vifuko pia, na juu ya hayo wana matamvua mengine ubavuni mwa tumbo. Chlorocyphidae, ambao wakubwa wao hucheza juu ya mawe ya vijito vya milimani Tanzania na Kenya, wana miiba miwili mirefu mahali pa majani matatu. Huwezi kumtarajia mwenye miiba apige kofi. Akikosa kitendo hicho, je, amekikosa kwa sababu ya nasaba au kwa sababu ya mkia? Kuhesabu mkia na kitendo cha mkia kuwa ushahidi mara mbili ni kumsikiliza shahidi mmoja akiongea kwa sauti mbili.

Na hata namna yenyewe, ile niliyoilinganisha na lafudhi, haina kinga kamili. Mwaka 1957 Esther Cullen, mwanafunzi wa Tinbergen, alieleza aina ya shakwe wanaotaga kwenye vibao vyembamba vya majabali ya bahari. Shakwe wengine hupigana ardhini, hupanda juu ya mwenzao na kumdonoa. Hawa wa majabali wana nafasi ya miguu tu, basi hukamatana midomo na kusokotana mpaka mmoja aanguke. Jabali liliwabadilishia mchezo mzima wa kupigana, ingawa ni shakwe wa damu. Ambaye angewapanga shakwe kwa namna ya kupigana peke yake angewatupa hawa mbali na jamaa zao.

Kabla hatujawacheka wapanga-vitendo, tuwatazame wapanga-mbawa. Kwa karne nzima uainishaji wa kereng'ende ulitegemea mishipa ya mbawa, na kwa haki: mbawa huhifadhiwa vizuri hata kwenye mawe ya visukuku. F. C. Fraser, tabibu wa jeshi la Waingereza aliyekaa India na kuwa bingwa wa kereng'ende wa huko, alitoa mpango wake mpya wa oda nzima mwaka 1957, na mpango huo ulitawala vitabu kwa miongo. Ndani yake kulikuwa na familia ya Protoneuridae, wadudu wembamba sana ambao mishipa ya mbawa zao imepunguzwa ikabaki michache, walioenea Amerika, Afrika na Asia. Vinasaba vilipoanza kusomwa familia hiyo ilisambaratika. Klaas-Douwe Dijkstra na wenzake, katika kazi yao kubwa ya mwaka 2014 iliyopanga upya familia za kereng'ende wembamba, waliwaweka wale wa Amerika ndani ya Coenagrionidae, na wale wa Afrika na Asia, pamoja na Elattoneura wa mito yetu, ndani ya Platycnemididae. Mishipa ilipungua huku na ikapungua kule. Mbawa, shahidi aliyeaminiwa kuliko wote, alikuwa amewachanganya watu waliofanana kwa umbo la mwili tu.

Sasa tuingie msituni, kwa sababu hapo ndipo kesi nzito kuliko zote ilipo, na nusu yake ni ya kwetu.

Katika Kisiwa cha Barro Colorado, kilichozungukwa na maji ya Mfereji wa Panama, Ola Fincke alitumia miaka mingi akichunguza Megaloprepus caerulatus, kereng'ende mwembamba mwenye mbawa ndefu kuliko kereng'ende wote walio hai: hufika sentimita 19 kutoka ncha hadi ncha. Wakubwa huruka taratibu kwenye nafasi za mwanga msituni na kuwachomoa buibui kwenye tandabui zao. Majike hutaga kwenye mapango ya miti yaliyojaa maji ya mvua. Lava akianguliwa humo hukuta ulimwengu usio na samaki, ambamo yeye ndiye mkubwa. Lakini pia hukuta ulimwengu usio na mlango. Chakula ni viluwiluwi vya mbu, vya vyura, na wenziwe. Mayai mengi huanguliwa, kisha idadi hupungua na kuendelea kupungua mpaka hubaki lava mmoja kwa kila lita moja au mbili za maji. Fincke alijiuliza, hadi akaliweka swali kwenye kichwa cha makala yake ya mwaka 1996, kama hiyo ni himaya ya kweli au ni mkubwa kumtawala mdogo. Alichokiona kilielekea kwenye ukubwa: anayeamua ni mwenye mwili, popote alipo pangoni. Uamuzi huo unaingia akilini. Unyasi wa dimbwi waweza kuachwa ukatafutwa mwingine; pangoni hakuna pa kwenda, na ishara ya kumwambia mtu aondoke haina faida kwa asiyeweza kuondoka.

Ng'ambo ya Atlantiki, na ng'ambo ya bara letu zima, kuna mwenzake. Coryphagrion grandis alipewa jina mwaka 1924. Anaishi kwenye misitu ya pwani na milima ya karibu, Kenya na Tanzania. Shimba Hills, Kwale, ni mojawapo ya makazi yake. Ni mrefu, mwembamba kupita kiasi, huruka polepole kwenye kivuli cha msitu, hula buibui. Mwaka 2002 Viola Clausnitzer na Martin Lindeboom walieleza lava wake: hukaa ndani ya mapango ya miti yenye maji. Ukimweka kando ya Megaloprepus na jamaa zake wa Amerika, mwili ule, windo lile, pango lile. Lakini maumbo madogo madogo, na hasa ya mbawa, yalikuwa yamewafanya wataalamu wa zamani wawatenge, wakiamini kwamba kila mmoja alifika kwenye maisha hayo kwa njia yake.

Mwaka 2007 Linn Groeneveld, Clausnitzer na Heike Hadrys walisoma vinasaba vyao na kutoa hukumu iliyopindua imani hiyo: Coryphagrion ni wa ukoo mmoja na wale wa Amerika. Ilikuwa habari tamu. Afrika na Amerika Kusini ziliachana takriban miaka milioni 100 iliyopita, na sasa tukawa na mdudu wa Kwale aliyebaki peke yake upande huu wa bahari, akiwa na jamaa zake wote kule. Maisha ya pangoni, pamoja na ugomvi wake, yakaonekana kuwa urithi wa enzi za Gondwana, mabara hayo yalipokuwa bado yameungana. Hadithi hiyo iliandikwa sana, na kwa kweli nani asingeipenda?

Mwaka 2019 Emmanuel Toussaint na wenzake walirudi kwenye kesi hiyo wakiwa na mti wa vinasaba wenye spishi nyingi zaidi za kereng'ende wembamba. Hukumu ikageuka tena. Majitu ya Afrika na majitu ya Amerika yako kwenye matawi tofauti. Kufanana kwao kumetokea mara mbili, msitu mmoja huku na msitu mwingine kule. Wale wasoma-mbawa wa zamani walikuwa wameona kweli, pengine kwa sababu ambazo wao wenyewe wasingeweza kuzitetea leo. Mimi naona hukumu ya 2019 ina nguvu, kwa vile ukiongeza majirani kwenye mti ndipo wasio ndugu wanapopata mahali pao halisi. Wakiwa wachache, wageni wawili husimama pamoja kwa kukosa wa kusimama naye.

Pango, basi, lina uwezo wa kutengeneza mkazi wake. Na ushahidi wa hilo hauishii kwa wembamba. Kwenye msitu wa Kakamega, Robert Copeland, Okeka na yuleyule Philip Corbet walieleza mwaka 1996 kwamba Hadrothemis camarensis, kereng'ende mnene, hulelewa kwenye mapango ya miti. Huyo hana udugu wa karibu na yeyote kati ya hao wawili. Amefika mwenyewe.

Kutoka hapo ni rahisi kukata tamaa na kusema vitendo vya lava havifai kwa nasaba. Naona kilichotokea ni kinyume: kazi imegeuzwa uso. Zamani vitendo viliitwa mahakamani kuthibitisha udugu. Siku hizi udugu huthibitishwa kwa vinasaba, kisha vitendo hutandazwa juu ya mti uliokwisha kuchorwa ili tuone kila kimoja kilianza lini na mara ngapi. Mark McPeek na wenzake walifanya hivyo kwa Enallagma, kereng'ende wembamba wa mashariki mwa Amerika Kaskazini. Spishi zinazokaa kwenye maziwa yenye samaki hutulia zikishambuliwa, kwa kuwa hakuna lava wa kumshinda samaki mbio. Spishi za maziwa yasiyo na samaki, ambamo mwindaji mkuu ni lava mkubwa wa kereng'ende mnene, huogelea na kukimbia, kwa kuwa mdomo wa huyo una urefu wake na ukiuvuka umepona. Mti wa nasaba ulionyesha kwamba waliotoka kwenye maziwa ya samaki na kuingia kwenye yale mengine walifanya hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara walioingia waligeuka waogeleaji: matamvua yakapanuka, na arjinini kinasi, kimeng'enya kinachoipa misuli nguvu ya ghafla, kikaongeza kazi. Bila mti, mtu angewaona waogeleaji wote hao akawapa babu mmoja.

Kwa wakazi wa mapango jaribio la namna hiyo lingekuwa rahisi kulipanga. Chukua lava wa Megaloprepus, wa Coryphagrion, na wa spishi mojamoja iliyo jirani ya kila mmoja kwenye mti, zile zilizobaki kuishi kwenye madimbwi na vijito. Ukali usiupime, hao wawili wa pangoni tunatarajia wawe wakali, na ukali wao hautatwambia lolote jipya. Tazama kinachotangulia ukali: je, tumbo huinuliwa kabla ya mdomo kufyatuka, hupungwa au hukazwa, mgeni hukabiliwa kwa mkia au kwa uso. Ikiwa Coryphagrion anaanza ugomvi kwa hatua zilezile za jirani yake wa dimbwini, na Megaloprepus kwa hatua za jirani yake mwenyewe, basi chini ya mauaji yanayofanana kuna lafudhi mbili zilizosalia. Ikiwa hatua zimefutika kwa wote wawili na kubaki mdomo tu, tutajua kwamba pango limefuta kila kilichokuwa cha adabu. Hadrothemis wa Kakamega tungemweka kwenye beseni la kando kwa kulinganisha njaa na nafasi, lakini kwa swali la mkia hatusaidii: anapumulia ndani, na nyuma yake hana cha kupunga.